Kisu hakikati maziwa: Tunachopoteza ni saa za mwanzo

Usiku mmoja wa Jumapili nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya wadi ya wazazi, katika hospitali moja ya Pwani nisiyotaka kuitaja, nikimngoja binti wa dada yangu atoke chumba cha upasuaji. Uchungu ulikuwa umemshika tangu Jumamosi alfajiri. Njia ilifunguka kidogo, ikasimama. Mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka, na daktari akasema hakuna kungoja tena, apasuliwe. Kabla ya saa tano usiku tukaambiwa tumepata mtoto wa kike, kilo 3.1, na mamake ni mzima. Tukamshukuru Mungu, na hadi leo namshukuru yule daktari.

Mtoto alitolewa nje akiwa amezongwa leso. Babake akamwadhinia, kisha akapakatwa na bibi yake mzaa baba. Mamake alikuwa angali ndani akishonwa, halafu akalazwa chumba cha pembeni ili aangaliwe. Alikuwa macho muda wote, kwa kuwa alidungwa sindano ya ganzi mgongoni wala hakulazwa kwa nusu kaputi. Lakini hakuna aliyefikiria kumpelekea mwanawe. Ilipofika saa nane usiku mtoto akalia sana. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja na wadi nzima imejaa. Alipopita tukamuuliza, akajibu bila kusimama: "Huyu mamake amepasuliwa, maziwa hayatoki mpaka siku ya tatu. Mtafutieni kopo." Babake akatoka kutafuta duka la dawa lililo wazi usiku ule.

Mama aliwekewa mwana kifuani kwa mara ya kwanza saa mbili asubuhi. Mtoto alikuwa ameshiba maziwa ya kopo, amelala fofofo. Akajaribu, mtoto akageuza uso. Akajaribu tena baada ya saa moja, mtoto akashika chuchu kidogo, akaiachia na kulia. Binti akanitazama machozi yakimlengalenga, akaniambia: "Khalati, kuzaa sikuweza, na kunyonyesha pia siwezi."

Maneno hayo nimeyasikia kwa namna tofauti kutoka kwa wanawake wa Majengo, wa Likoni, wa Malindi. Mwingine husema maziwa yake yamekauka kwa dawa za ganzi. Mwingine husema mwili wake haukujua kama umezaa, kwa sababu mtoto hakupita njia yake. Wengi wao hawakukata tamaa kwa uvivu. Walikatishwa tamaa, tena katika siku mbili tatu za mwanzo, na watu waliokuwa wakiwapenda. Ndiyo maana leo nataka tulitazame jambo hili kwa hesabu na kwa ukweli wake, kwa kuwa linazidi kuwagusa wengi.

Hesabu tatu za kutazama pamoja

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, ule unaojulikana kama KDHS, ulipofanywa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 61 ya watoto wa Kenya walizaliwa katika vituo vya afya. Uliporudiwa mwaka 2022, idadi hiyo ilikuwa imefika asilimia 82. Haya ni mafanikio makubwa. Huduma ya kujifungua bila malipo iliyotangazwa mwaka 2013, na baadaye mpango wa Linda Mama, iliwafungulia mlango kina mama ambao zamani walikuwa wakizalia nyumbani kwa kukosa pesa.

Hesabu ya pili ni ya upasuaji. Mwaka 2014 watoto waliozaliwa kwa kupasuliwa mama zao walikuwa asilimia 9. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 17. Yaani karibu mara mbili ndani ya miaka 8. Mtoto mmoja kati ya kila sita wa Kenya sasa anakuja duniani kwa njia hii.

Hesabu ya tatu haizungumzwi sana. Mwaka 2014, watoto walionyonyeshwa ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa walikuwa asilimia 62. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 60.

Ziweke hesabu hizi tatu pamoja, ndugu msomaji. Mama anayezalia nyumbani, mbali na barabara, hana muuguzi wa kumwambia amweke mtoto kifuani mara tu anapozaliwa. Anayezalia hospitalini anaye, angalau kwa maandishi. Kwa hiyo wanawake wengi walipohamia hospitalini, tungetarajia watoto wanaonyonya mapema waongezeke. Hawakuongezeka. Tumejaza wadi za wazazi, lakini saa ya kwanza ya mtoto imebaki palepale.

Sisemi kwamba upasuaji peke yake ndio uliosimamisha hesabu hii. Wauguzi ni wachache, wadi zimejaa, na mama aliyezaa kwa kawaida naye wakati mwingine husahauliwa. Ila aliyepasuliwa ndiye anayeachwa nyuma zaidi, kwa sababu yeye hawezi kuinuka akamchukua mwanawe mwenyewe. Akisahauliwa, amesahauliwa kweli.

Na saa hizo si za mapambo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja, na lina sababu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya tafiti zilizofuatilia karibu watoto 100,000 katika nchi za Ghana, India na jirani zetu Tanzania. Ikilinganishwa na watoto walioanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza, hatari ya kufa kabla ya kutimiza siku 28 ilikuwa juu kwa takriban asilimia 41 kwa wale walioanza kati ya saa 2 na saa 23, na kwa takriban asilimia 79 kwa walioanza baada ya siku nzima kupita. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo ambayo baadhi yetu bado huyaita machafu na kuyakamua chini, ndiyo chanjo ya kwanza ya mtoto.

Kisu kinafanya nini hasa?

Sasa tuje kwenye imani kwamba aliyepasuliwa hana maziwa. Maziwa hayangoji mtoto apite njia ya kawaida. Kinachouambia mwili uanze kutengeneza maziwa kwa wingi ni kutoka kwa kondo la nyuma. Likishatoka, homoni ya projesteroni hushuka, na kazi huanza. Kondo la aliyepasuliwa hutoka kama la mwingine yeyote. Dang'a yenyewe huwa imo matitini tangu miezi ya mwisho ya mimba.

Ni kweli kwamba baada ya upasuaji maziwa mengi huweza kuchelewa siku moja au zaidi kuliko kwa mwingine. Mama amechoka, ana maumivu, pengine amepoteza damu, na mara nyingi ametenganishwa na mtoto. Titi hufanya kazi kwa kuamrishwa na mdomo wa mtoto: akinyonya, ubongo wa mama hutoa prolaktini ya kutengeneza maziwa na oksitosini ya kuyasukuma nje. Asiponyonya, amri haifiki. Tukimpa mtoto kopo usiku wa kwanza kwa sababu maziwa yamechelewa, tunayachelewesha zaidi, kisha tunasema, si mnaona, hana maziwa.

Kuna na jambo la mizani. Maji anayotiwa mama mshipani kabla na wakati wa upasuaji humfikia mtoto tumboni, akazaliwa na uzito ambao sehemu yake ni maji. Anapoyakojoa, uzito hushuka, na familia ikishtuka huona mtoto anakufa njaa. Mtoto yeyote mchanga hupungua uzito siku za mwanzo. Kazi ya muuguzi ni kutazama amepungua kiasi gani, anakojoa mara ngapi na ananyonya vipi, kabla ya kusema neno "kopo".

Ushahidi ulionifungua macho zaidi ni uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya tafiti 53 kutoka nchi 33, zikiwa na wanawake zaidi ya 500,000. Ulionyesha mambo mawili. La kwanza tunalijua: waliopasuliwa walikuwa nyuma katika kunyonyesha siku za mwanzo, hasa wale waliopasuliwa kwa kupangiwa tarehe, kabla uchungu haujaanza. La pili ndilo tusiloambiwa: miongoni mwa wale waliofanikiwa kuanza, ilipofika miezi 6 hapakuwa na tofauti ya maana kati ya aliyepasuliwa na aliyezaa kwa kawaida.

Lisome tena jambo hilo la pili. Kama kisu kingekuwa kinakata maziwa, tofauti ingeendelea kuonekana mwezi wa tatu, wa nne, wa sita. Haionekani. Kikwazo kiko mlangoni tu. Akisaidiwa kuvuka siku zile za mwanzo, mama huyu ni kama mama mwingine yeyote.

Mimi mwenyewe nimezaa watoto watatu, na wa pili nilipasuliwa kwa nusu kaputi, enzi ambazo sindano ya mgongo haikuwa ya kawaida. Nilipozinduka nilikuwa na kizunguzungu hata sijui ni asubuhi au jioni. Lakini mama mkubwa wangu alikuwa ameketi kando ya kitanda. Aliyakamua matiti yangu polepole kwenye kijiko, matone machache tu ya manjano, akamtia mtoto mdomoni, kisha akamlaza ubavuni mwangu na kuushikilia mto juu ya kidonda. Sikuwahi kujiuliza kama nina maziwa. Sikupewa nafasi ya kujiuliza.

Kujiamini kunajengwa, na kunabomolewa

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Tunazungumzia sana maziwa na kusahau moyo wa mwenye maziwa. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba mtu huamini kuwa analiweza jambo kutokana na mambo manne: kulifanya mwenyewe likafaulu, kumwona mwenzake akilifanya, kutiwa moyo na mtu anayemwamini, na jinsi mwili na moyo wake unavyohisi wakati huo. Mwaka 1999 mtafiti wa uuguzi wa Kanada, Cindy-Lee Dennis, aliyatumia mawazo hayo kutengeneza kipimo cha kujiamini kwa mama katika kunyonyesha, na kipimo hicho kimetumiwa katika nchi nyingi tangu hapo. Mama anayeamini kuwa ataweza hunyonyesha kwa muda mrefu kuliko anayeingia na shaka.

Mpime sasa binti wa dada yangu kwa mambo hayo manne. Kufanya mwenyewe likafaulu: mara ya kwanza alipojaribu, mtoto alikuwa ameshibishwa na hakutaka titi. Kumwona mwenzake: aliyelala kitanda cha pili naye alikuwa na kopo. Kutiwa moyo: neno la kwanza aliloletewa lilikuwa kwamba hana maziwa mpaka siku ya tatu. Mwili wake: kidonda kinawaka, mpira wa mkojo haujatolewa, hajalala siku mbili. Mambo yote manne yalikuwa dhidi yake kabla jua halijapanda. Aliponiambia hawezi, hakuwa akilalamika. Alikuwa akinisomea matokeo ya mtihani tuliomfelisha sisi.

Na sisi wa nyumbani je?

Nisiwalaumu wauguzi peke yao, kwani na sisi tuna letu. Ni nani asiyewahi kusikia mtu akisema "fulani hakuzaa, alipasuliwa"? Kana kwamba kukatwa matabaka ya tumbo na siku ya pili kuambiwa uinuke utembee ni starehe. Wapo wanaosema amepita njia ya mkato. Mama huyo hurudi nyumbani akiwa tayari na deni la kuthibitisha kuwa ni mama kamili. Mtoto akilia usiku mmoja tu, mavyaa husema, kwa mapenzi kabisa, "Mwanangu, huyu ana njaa, mpeni maji ya sukari." Hakuna ubaya moyoni mwake. Lakini mkaza mwana husikia: huwezi.

Asali, maji ya uvuguvugu, maji ya sukari na dawa za tumbo za watoto humjaza mtoto tumbo lisilo na nafasi, akaacha kunyonya. Asali ina hatari yake zaidi kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwani huweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo matumbo yake hayajaweza kuvishinda. Na kule kukandwa kwa maji ya moto tumboni, desturi yetu ya arubaini, kwa aliyepasuliwa kungoje neno la daktari, kisije kidonda kikafunguka.

Mengine ya arubaini nayatetea kwa mikono miwili. Supu ya pweza, uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku wa kienyeji: sitasema vinaongeza maziwa kama watu wanavyoamini, ila vinamlisha mzazi na kumtia nguvu. Na kile kitendo cha kumfungia mzazi chumbani siku 40, asipike, asifue, watu wamhudumie, ndicho hasa anachohitaji mwanamke mwenye kidonda na mtoto mchanga. Dini nayo, kwa Waislamu, imetaja kunyonyesha kwa miaka miwili kamili katika Suratul Baqara, aya ya 233, na aya hiyohiyo imemwekea baba wajibu wa kumlisha na kumvisha mama anayenyonyesha. Wanaume huikumbuka miaka miwili, wajibu wao wakausahau.

Nafasi ya mkunga imebaki tupu

Bibi zetu walizaa na mkunga. Mkunga alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumpokea mtoto. Ya pili ilikuwa kukaa na mzazi: kumwonyesha jinsi ya kumshika mtoto, kumkamua dang'a, kumwambia kilio hiki ni cha njaa na hiki ni cha usingizi, kumnyamazisha jirani mwenye maneno mengi.

Hospitali ilipokuja ilichukua kazi ya kwanza, na imeifanya vizuri zaidi. Mkunga asingeweza kumwokoa binti yetu usiku ule. Lakini kazi ya pili haikuchukuliwa na mtu. Muuguzi mmoja mwenye wazazi wa wadi nzima hawezi kukaa nusu saa kando ya kitanda kimoja, hata akitaka. Nyumbani nako, wale kina bibi waliojua wanapungua, na wanaobaki wengi walizaa kwa kawaida. Hawajui amshikeje mtoto mtu mwenye mshono. Kwa hiyo aliyepasuliwa ameangukia katikati, hospitali haina muda naye na nyumbani hawana ujuzi wa hali yake.

Kujaza nafasi hii si jambo la ndoto. Hapa hapa Pwani, katika Hospitali ya Kaunti ya Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome walijaribu kuwaweka wadini kina mama wa kawaida waliopewa mafunzo ya kunyonyesha, ili wawasaidie kina mama wa watoto wachanga waliolazwa kwa ugonjwa na utapiamlo. Wale walikuwa watoto wagonjwa, hali tofauti na ya mzazi wa jana. Lakini wazo ni lile lile: mama mwenzio aliyefunzwa, anayezungumza lugha yako, mwenye muda wa kukaa. Ni mkunga yule yule wa zamani katika kazi yake ya pili.

Pesa zinakwenda wapi

Tangu Oktoba 2024 bima yetu ni SHA. Kwa viwango vyake, kituo hulipwa shilingi 10,000 kwa mama aliyejifungua kwa kawaida na shilingi 30,000 kwa aliyepasuliwa. Upasuaji una gharama zake: daktari, ganzi, damu, dawa, vitanda. Sina ugomvi na hilo. Swali langu ni je, katika hizo 30,000, ni shilingi ngapi zinazomnunulia mama mtu wa kumsaidia kumweka mtoto titini saa ile ya kwanza? Hakuna kituo kinacholipwa zaidi kwa mtoto kunyonya mapema, wala kinachoulizwa asiponyonya. Katika wadi yenye kazi nyingi, lisiloulizwa ndilo linaloachwa.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa mwaka 2013, na Katiba, Kifungu cha 43, inatupa haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, pamoja na afya ya uzazi. Kwa hivyo magavana, mawaziri wa afya wa kaunti na wawakilishi wadi wetu wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta ndio wa kuulizwa. Ninayoyataka ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

La kwanza: mama aliyedungwa ganzi ya mgongoni na yuko macho, awekewe mwanawe ngozi kwa ngozi ndani ya chumba cha upasuaji, ama mara tu anapotoka, mtoto akiwa mzima. Mwongozo wa WHO wa hatua 10 za kunyonyesha, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2018, unataka hivyo kwa kina mama wote, na haukuwatenga waliopasuliwa. Aliyelazwa kwa nusu kaputi apelekewe mtoto anapozinduka, na kabla ya hapo mtoto akae kifuani mwa babake.

La pili: kila wadi ya wazazi iwe na kina mama wawili watatu waliofunzwa, ikiwezekana waliowahi kupasuliwa wenyewe, wa kupita kitanda kwa kitanda, na walipwe posho. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua takriban 100,000 mwaka 2023, wamtembelee nyumbani aliyepasuliwa ndani ya wiki ya kwanza.

La tatu: saa aliyonyonya mtoto kwa mara ya kwanza iandikwe kwenye faili, na kaunti itangaze kila mwaka ni watoto wangapi walinyonya ndani ya saa moja, waliopasuliwa kando na waliozaa kwa kawaida kando. Tukiziona hesabu tutajua pa kusukuma.

La nne: neno "kopo" lisitoke kinywani mwa mhudumu bila sababu ya kitabibu iliyoandikwa. Tuna sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti biashara ya maziwa mbadala na kuzuia yasitangazwe. Itakuwa kichekesho kampuni ikatazwe kutangaza halafu hospitali imtangazie bure.

Lakini pia tuwe waadilifu. Kuna watoto wanaohitaji maziwa ya kopo kwa kweli: sukari imeshuka, amezaliwa njiti, mama yuko hali mahututi. Kopo hilo ni dawa, na mama wa mtoto huyo asione haya. Nampinga anayelitoa kopo kwa mazoea.

Kwa aliyeko wadini leo

Kama unasoma haya ukiwa na mshono, ama mkeo ndiye mwenye nao, shika haya machache. Omba mtoto wako, usingoje kuletewa. Mlaze ubavuni mwako, au mpakate chini ya kwapa, mwili wake ukielekea mgongoni kwako, ili miguu isiguse kidonda. Omba dawa ya maumivu na uinywe kwa wakati. Dawa za kawaida wanazopewa waliopasuliwa hazimdhuru mtoto anayenyonya, na mwenye maumivu makali hawezi kunyonyesha kwa utulivu. Mtoto asiposhika, kamua dang'a kwa mkono kwenye kijiko au kikombe kidogo safi. Matone hayo yanatosha kwa tumbo la siku ya kwanza. Haba na haba hujaza kibaba. Maziwa yakishaingia, kufikia siku ya tano hivi, mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku anapata. Akiwa mlegevu, haamki kunyonya, hakojoi, au macho yanageuka manjano, mrudishe hospitalini bila kungoja.

Baba, kazi yako ni kumpa mama mtoto, maji ya kunywa na mto, na kusimama mlangoni dhidi ya maneno.

Binti wa dada yangu hakushindwa. Siku ya tatu tulimwendea mwanamke mmoja wa mtaani kwetu aliyepasuliwa mara mbili. Alikuja na leso yake begani, akafunga mlango, akakaa naye saa nzima. Sijui walizungumza nini yote. Nilipoingia, mtoto alikuwa ubavuni amefumba macho na mashavu yanacheza, na mama anacheka na kulia kwa pamoja. Haikuwa rahisi, zilipita siku 10 za kukamua, kujaribu na kupunguza kopo kidogo kidogo, hadi likaachwa juu ya kabati. Sasa mtoto ana miezi mitano, mnene mpaka mikunjo ya mapaja haihesabiki.

Juzi nilimuuliza kama bado anaona hakuweza kuzaa. Akasema, "La, khalati. Nilizaa. Ila usiku ule hakuna aliyeniambia."